Kigango Ambacho Hakikuchomwa

Kadzo mwanangu,

Mambo ya sweta na blanketi nimemwachia baba yako. Yuko hapo barazani analifunga sanduku lako kwa kamba, na kila akikaza fundo ananiuliza kama Eldoret kuna baridi kweli au watu hukuza maneno tu. Mimi nimekaa na kalamu. Unanijua: mama yako akiwa na jambo jepesi hulipigia kelele, akiwa na jambo zito huliandika.

Wiki tatu zilizopita, jikoni hapa hapa, uliniambia kwamba ukifika chuoni hutakanyaga kanisani. Nikakuuliza kwa nini, kwa ile sauti yangu ya kuwaulizia wanafunzi waliochelewa. Ukasema, "Kwa sababu Mungu wenu mmemuuza, mama. Na wewe hata tsawe, baba yako mzazi, hujamwambia." Ukachukua ndoo ukaenda bombani. Nilikuwa na majibu manne tayari. Nilipoyapima baadaye nikaona yote ni mazuri na hakuna hata moja la kweli.

Kwa hiyo sikukujibu. Wiki tatu mama yako hajakujibu, na najua jambo hilo lilikutisha kuliko kelele zangu zote. Leo asubuhi nimekwenda Jilore kwa babu yako. Yaliyotokea huko nitakueleza, lakini nikianza na hayo nitakuwa nimejipendelea. Kwanza usikie nilichofanya. Wewe unaijua nusu ya kisa, ile iliyosemwa sokoni, na katika nusu hiyo mwovu ni mchungaji peke yake. Nusu nyingine ni yangu.

Ulizaliwa mjini, na kile kigango cha babu yangu ulikiona mara mbili tatu tu ulipokuwa mdogo. Kilikuwa uani kwa baba yangu, kimesimama kabla mimi sijazaliwa. Babu alikuwa mzee wa Gohu, na mzee wa chama hicho akifa huchongewa ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa cha mviringo, mwili umekatwa pembetatu ndogo ndogo, ukavikwa vitambaa. Ukishasimamishwa hauhamishwi. Baba alizungumza nacho asubuhi kama unavyomsemesha mtu wa nyumbani, akamwagia tembo kidogo siku za mambo makubwa, basi. Nilipokuwa msichana nilichoma nyasi uani bila kuangalia upepo, moto ukakilamba bega la kushoto. Nilichapwa siku hiyo mpaka nikajua kile si kiti.

Kisha nikasoma. Nilisoma kila nilichoweza kukipata kuhusu sanamu na mizimu na dini za watu. Nilibishana na mashehe, na mapadri, na walimu wenzangu wasioamini chochote, na mara nyingi nilishinda. Mkutano wa injili ukiwa Ganda, ukiwa Ngomeni, nilipewa dakika kumi kabla ya mchungaji ili niwachemshe watu. Nilikuwa hodari, Kadzo. Sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilikuwa na ulimi ambao watu walitembea kwa miguu kuja kuusikiliza, na niliamini kwamba ulimi huo ndio mahali Mungu anapokaa.

Baba yangu nilibishana naye miaka miwili.

"Baba, hiki ni kuni," nilimwambia. "Mchwa wakipata nafasi watakila, na babu hatasema aah."

"Mchwa hawali muhuhu," akasema.

"Basi tukipasue tupikie, uone kama atalia."

"Utalia wewe. Muhuhu unavunja shoka."

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi naleta aya, yeye analeta habari za miti. Nilimwona ni mtu asiyeweza kufuata hoja. Mwisho, siku moja ya mavuno, aliweka jembe chini akaniambia, "Sidi, maneno yako sijayakubali. Nimekukubali wewe. Ukisema Mungu anakitaka, mpe." Akabatizwa mwezi uliofuata. Niliwasimulia watu kwamba hoja zimemshinda. Nilimsikia vizuri alivyosema hazikumshinda, lakini ushuhuda wa namna ile usingependeza kwenye kipaza sauti.

Mchungaji akaja Jilore na gari na vijana wa kanisa. Sasa nisikilize hapa, kwa sababu sehemu hii hata baba yako hajawahi kuisikia. Walipokuwa wanakitikisa ili kitoke, kuna kitu kilinishika. Haikuwa sauti. Sikuona mwanga. Ni kama unaharakisha sokoni na mtu anayekujua anakushika kiwiko kutoka nyuma, taratibu, hata hakuiti jina. Nilimwangalia baba, alikuwa amegeuza uso. Nilimwangalia mchungaji, alikuwa anawaambia vijana, "Polepole, kisivunjike." Polepole, kisivunjike! Kitu cha kwenda kuchomwa! Mwanamke yeyote anayepika kwa kuni angeuliza. Mimi nilianzisha pambio. Nikapiga makofi, vijana wakaitikia, na kile kilichonishika kikaniachia.

Siku tatu baadaye ulikuwa mkutano mkubwa Malindi. Walirundika vigango na hirizi na vibuyu, wakafunika kwa turubai, wakamwaga mafuta ya taa, wakawasha. Baba yangu nilimketisha mbele, mwongofu mpya, uongofu wangu. Mimi nikapewa kipaza sauti. Na katikati ya maneno yangu turubai likaungua likafunguka, nikaona ubao umeshika moto na ndani yake misumari mitatu imekuwa myekundu. Kigango hakipigwi msumari, mwanangu. Ni mti mmoja tangu kichwani hadi chini. Mbao zile zilikuwa mabaki ya ujenzi. Niliona. Macho yangu yaliona misumari, na mdomo wangu ukaendelea, na watu wakasema amina.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Nakumbuka wiki ile ile uliniuliza jikoni, "Mama, Mungu yuko hapa?" Nikakuhutubia. Nilikueleza kwamba yuko kila mahali, na tofauti kati ya kuwa mahali na kujaza mahali, na makosa ya wale wanaomfungia katika mti au jiwe. Nilipogeuka kuchukua mwiko ulikuwa umeshaenda kucheza. Maziwa yalikuwa yamefurika, jiko limezimika. Nilikukasirikia wewe.

Hayo ndiyo yaliyonikaa miaka kumi na miwili. Sasa la hotelini.

Unakumbuka ile semina ya walimu, muhula uliopita, katika hoteli moja ufukweni. Nilifika mapema, nikaingia ukumbi wa mapokezi kutafuta choo. Kigango kilikuwa pale, kwenye kona, kati ya feni na mtungi wa maua. Vitambaa hakina. Mtu alikuwa amekiegemezea mwavuli wa ufukweni. Nilijiambia vigango vyafanana. Nikasogea. Bega la kushoto lilikuwa jeusi, na ule weusi ulikuwa na umbo la ulimi wa moto ninaoujua mimi na mgongo wangu.

Binti wa mapokezi alidhani nimependezwa. "Karibu mama. Hiyo ni sanaa ya huku kwetu. Wageni wanaipiga picha sana."

"Mliipata wapi?"

"Kuna mchungaji mmoja alimletea bosi. Miaka mingi, mimi sijaajiriwa. Vilikuwa vingi, vingine vilisafirishwa Ulaya. Hiki bosi alikataa kukitoa, anasema kina bahati." Akacheka. "Wewe ni wa kabila gani, mama?"

"La hicho," nikasema.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mchungaji. Yale majibizano umeyasikia yakitiwa chumvi. Mimi nakupa yalivyokuwa. Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake, nina silaha za uongo, ningemchana. Alinikaribisha chai.

"Mwalimu," akasema, "kaa chini. Nani alisimama mbele ya watu akasema vile ni kuni?"

"Mimi."

"Basi mimi niliuza kuni. Kosa langu liko wapi? Spika zile ulizokuwa unahubiria Ngomeni, ulidhani zilishuka mbinguni?"

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa. Nilitaka waghadhibike. Mmoja akatazama viatu vyake, mwingine akasema, "Mwalimu, sisi tulijua kitambo. Tulinyamaza ili tusilivunje kanisa. Na wewe ndiwe uliyekuwa na moto, tulikuwa tunakuogopa." Watu niliokula nao, niliofunga nao, niliozika nao! Walinitazama nikihubiri juu ya wizi, wakasema amina, hali wanajua kipaza sauti nilichoshika kimenunuliwa na nini. Nimesalitiwa, na neno hilo silitafutii neno lingine laini. Kila nikipita mbele ya lile jengo lao navuka barabara. Wakisema wameomba juu ya jambo hilo nataka kuwauliza waliomba kwa mungu gani, yule wa mapokezi?

Unaona? Hata hapa nimeanza kuhutubu. Baba yako amechungulia dirishani akauliza, "Unamwandikia mtoto au gazeti?"

Hasira yangu kwao ni ya haki na sitaiacha. Nimeshawasilisha mashtaka kwa wakuu wa kanisa, na nitayasimamia hata wanitenge. Lakini wiki hizi tatu za kutokujibu zimenifanya nitazame mahali nisipopenda. Mchungaji alinidanganya kwa ubao na mafuta ya taa. Mungu hakunidanganya. Alinishika kiwiko Jilore. Akanionyesha misumari Malindi. Akanifurikishia maziwa jikoni huku mtoto wangu akimuulizia kwa jina. Alikuwa karibu kiasi hicho. Nilimwita mikutanoni kwa sauti ya kupasua masikio wakati amesimama kando yangu, na sikugeuka kwa sababu nilikuwa na shughuli nyingi za kumtetea. Yule mwizi aliniibia kigango. Miaka kumi na miwili ya kutokuwa makini nilijiibia mwenyewe.

Sikwambii uwe makini namna gani. Sijui vizuri, ndiyo kwanza najifunza, na nina umri wa kuwa na miwani miwili. Najua tu nilichojaribu tangu mwezi uliopita. Nikiosha vyombo naosha vyombo, sitayarishi hotuba. Nikisahihisha madaftari ya watoto nangoja kidogo kabla ya kuandika neno kali. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Juzi, hata hivyo, nilikuwa nimeshaandika "mzembe" kwenye daftari la msichana mmoja, kalamu ikanizuia mkono kabla ya kufunga ukurasa, nikamwita. Baba yake amelala hospitalini na yeye msichana ndiye anayempikia. Zamani ningesema nimefunuliwa, ningeyatangaza. Sasa nililifuta neno, nikamwambia aende nyumbani mapema. Ni hayo tu. Nadhani mara nyingi ni hayo tu, nami nilikuwa nangoja radi.

Basi, Jilore.

Nilimkuta babu yako mlangoni anapukuchua mahindi, miguu ameinyosha, kuku wamemzunguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo hukuja na kitabu."

"Sikuja nacho."

"Basi kuna msiba."

Nilikaa kwenye mkeka nikamwambia. Nilimwambia yote, hata ile ya kuanzisha pambio. Hakunikatiza. Mikono yake haikusimama. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo mfululizo, nami nikaona afadhali zianguke kuliko kimya. Nilipomaliza akauliza:

"Kiko wapi sasa?"

"Hotelini, Malindi."

"Kimesimama au wamekilaza?"

"Kimesimama."

"Hewaa. Angalau wana adabu kidogo." Akachukua muhindi mwingine. "Mimi nilijua siku ile ile, Sidi."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Muhuhu ukiungua unanukia," akasema. "Unanukia hata kwa jirani wa tatu, utadhani kuna harusi. Ule moshi wa Malindi ulikuwa wa mbao za mvinje na mafuta ya taa. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Wewe ndiye uliyenikalisha, nionekane."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema."

"Na baada ya mkutano?"

"Ulikuwa unasema bado. Nikaona ningoje umalize." Akacheka kidogo, kicheko cha kukauka. "Mwanamke ana pumzi huyu."

Nilimuuliza mbona basi hakuacha kanisa. Unajua hajakosa hata Jumapili moja katika lile kanisa dogo la makuti, anatangulia kufika kuliko mwenye funguo. Nilitaka kujua, kwa ajili yako zaidi kuliko yangu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Nilikwambia umpe nani? Mchungaji? Nilimpa Mungu. Yule aliyeiba njiani ameiba mali ya Mungu, wataelewana wenyewe. Mimi Mungu hajaniibia." Akanionyesha kwa gunzi pale uani kilipokuwa. "Kila asubuhi napita pale namwambia naenda wapi, na nani mgonjwa. Mwanzo niliona vigumu, hana uso. Nikazoea. Mlichukua mti. Kusimama pale hamkukuchukua."

Kadzo, nimesoma vitabu vya watu wa Mungu kutoka nchi nyingi. Hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa uwazi huo, na mtu aliyeniambia hajui kusoma jina lake. Na usidhani nimekuwa mtetezi wa vigango. Nikikutana na mtu akaniambia ule mti ni Mungu, nitabishana naye leo hii mpaka jua lizame. Babu yako mwenyewe hasemi hivyo. Yeye alijua kungoja kujibiwa kabla hajamjua anayejibu. Mimi nilimjua anayejibu, kwa ithibati na marejeo, na sikungoja hata siku moja.

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti kabisa, kuku wakatawanyika.

"Bado," akasema.

"Baba—"

"Nimekusikia. Sijakataa. Nimesema bado. Kigango kilikuwa cha baba yangu, na ulikitoa mbele ya macho yangu ukiimba. Hilo halitoki kwa siku moja kwa sababu umelia." Akanisukumia ungo. "Pukuchua. Na Alhamisi njoo tena, mahindi ni mengi. Usije na mchungaji mpya."

Nilipukuchua mpaka vidole vikavimba. Nimerudi saa kumi na moja, vumbi la Jilore bado liko kwenye nywele zangu, nikakaa kuandika kabla sijakoga kwa sababu nilijua nikikoga nitaanza kuyapanga maneno.

Alhamisi nitakwenda. Sitaki anisamehe haraka. Wala wewe usinisamehe kwa kuwa unasafiri kesho na watu huogopa kuagana na kinyongo. Ulikuwa mtoto, ulimwamini mama yako, na mama yako alikufundisha Mungu mwenye kelele. Una haki ya kuwa na hasira, na ya kusafiri nayo. Kanisani nenda au usiende, sitampigia simu mtu yeyote huko kukuchungulia. Nakuomba kitu kimoja, na sikuombi kama mwalimu. Usimhesabu Mungu upande wetu. Siku ile ya moto hakuwa jukwaani nami, na kwa mchungaji hakuwako kabisa. Alikuwa mstari wa mbele kando ya tsawe, anausikia moshi ule, amenyamaza, ananingoja nimalize.

Mama yako,
Sidi